Gari Limeinuliwa, Usukani Umelegea

Barua ya juma hili imetoka Malindi. Aliyeiandika ni dada ambaye mumewe afanya kazi Ghuba, na gari la nyumbani limebaki mikononi mwake. Ndilo lipelekalo watoto skuli na chuoni, ndilo limpelekalo mama mkwe kliniki, na ndilo liendalo shamba ng'ambo ya Marafa, ambako mvua ikishanyesha gari dogo halipiti. Ni Land Cruiser la aina ya 70, lenye springi za koili mbele. Mumewe alipokuja likizo aliliinua inchi 2, akalivisha matairi ya inchi 33, akarudi zake kazini. Tangu hapo, asema dada yetu, usukani si ule aliouzoea. Gari latangatanga barabarani na lataka kurudishwa kila mara. Likikanyaga shimo au kiungo cha daraja kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mbele kote hutetemeka hata waliokaa viti vya nyuma wakahisi, na halitulii mpaka mwendo upungue. Mara ya mwisho watoto walilia.

Vichwa vya tairodi vimebadilishwa mara mbili katika mwaka mmoja. Sasa fundi asema dawa ni kufunga shokabzoba nzito ya usukani. Na kuna jambo jingine ambalo dada ameligusa kwa mstari mmoja tu, nalo ni kwamba fundi hazungumzi naye. Kila akiuliza, huambiwa ampigie mume simu ili waelewane wao. Mume yuko ng'ambo ya bahari na hajauhisi mtetemeko huo hata siku moja. Swali la dada ni hili: atajuaje kwamba anachouziwa ndicho gari linachohitaji?

Tulijibu hilo kwanza, maana mengine yote yatoka humo. Kiungo cha usukani kilichochakaa huonekana kikicheza. Gari likiwa limesimama, mtu mmoja akiutikisa usukani, mwingine aliye chini huona kwa macho na huhisi kwa vidole ni wapi mwendo unapopotea. Fundi akisema spea fulani imekwisha, haki ya mwenye gari ni kuambiwa: njoo uione. Asipoweza kuionyesha, basi hajaipata bado, na pesa zikae mkobani. Aliyeshika usukani ule kila siku ndiye shahidi wa kwanza wa maradhi yake, na fundi amsikilizaye mtu wa simuni akamwacha aliyesimama mbele yake amejinyima nusu ya habari.

Lakini kabla ya kuingia chini ya gari yafaa tujue twatafuta nini, kwa kuwa "usukani umelegea" ni jina moja la maradhi kadhaa. Kuna uwazi, yaani wazungusha usukani kidogo na magurudumu hayajibu. Uwazi mdogo ni wa kawaida. Katika magari mengi ya namna hii kiasi cha sentimita 3 hivi kwenye ukingo wa usukani huvumiliwa. Kuna kutangatanga, ambako ni kitu kingine kabisa. Hapa magurudumu yajibu papo hapo, ila gari halina hamu ya kwenda sawa, na baada ya kona usukani haurudi wenyewe katikati mpaka uuvute. Kisha kuna ule mtetemeko unaozuka ghafla baada ya shimo na kukataa kukoma. Wapenzi wa magari ya porini huko Marekani wameupa jina la kutisha, mtikisiko wa mauti, na aliyewahi kuupata katika barabara ya lami hatasema jina limezidi.

Soma tena barua ya dada. Alalamikia kutangatanga, na alalamikia mtetemeko. Uwazi hakuutaja hata mara moja. Ilhali vichwa vya tairodi, vilivyobadilishwa mara mbili, maradhi yake ya kwanza ni uwazi. Ni kweli kwamba vikichakaa vyaweza kuuchochea mtetemeko pia, na huenda vile vya kwanza vilikuwa vimechoka kweli. Vipya kuchakaa ndani ya miezi michache ni dalili kwamba vinapigwa na kitu kingine. Hatujaliona gari, na tusemayo hapa ni makadirio ya mtu aliye mbali. Lakini kwa maneno ya barua twashuku mambo mawili, moja limeletwa na kule kuinuliwa kwenyewe, na la pili ni kiungo kilicholegea ambacho hakuna aliyekitazama.

Tuanze na kuinuliwa. Land Cruiser la aina ya 70 lililotoka kuanzia 1999 lenye koili mbele, lile la aina ya 80 la miaka ya 1990, Land Rover Defender la zamani, na hata Suzuki Jimny pamoja na udogo wake, yote yameundwa kwa fikra moja. Mbele pana ekseli nzima, boriti moja ya chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu. Koili zabeba uzito tu. Hazina nguvu ya kuishika ekseli mahali pake. Kinachoizuia isiende mbele wala nyuma ni mikono miwili mirefu, iliyofungwa chesisi kwa upande wa nyuma na kuishika ekseli kwa upande wa mbele. Kinachoizuia isiende kando ni fimbo moja iliyolala mshazari, ncha moja kwenye chesisi na ncha ya pili kwenye ekseli. Huitwa fimbo ya Panhard, kwa jina la kampuni ya magari ya Ufaransa. Fimbo moja, bolti mbili, bushi mbili za mpira: hizo ndizo zinazoiambia ekseli yote ikae chini ya gari na isihame kushoto wala kulia. Tutairudia fimbo hii. (Wenye Prado na Hilux za siku hizi wajue kwamba mbele ya magari yao kumeundwa vingine, kila gurudumu na mkono wake, na mengi ya makala haya hayawahusu.)

Sasa tazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Uma wake wa mbele haukusimama wima. Juu umelala nyuma kuelekea tandiko. Mlalo huo ni mojawapo ya sababu zinazomwezesha kijana kuachia mikono yote miwili na baiskeli ikaendelea kwenda mbele. Gari nalo lina mlalo kama huo, katika mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia. Mafundi huuita kasta. Ndio unaourudisha usukani katikati baada ya kona, na ndio unaolifanya gari lishike njia bila kubembelezwa. Magari haya hutoka kiwandani na digrii chache tu za kasta, aghalabu baina ya 2 na 4.

Inua chesisi kwa sentimita 5. Ile mikono miwili mirefu, kwa kuwa nyuma imepanda pamoja na chesisi na mbele imebaki na ekseli, hulazimika kuinama. Na kwa kuwa imeishika ekseli kwa nguvu, ikiinama huizungusha nayo: upande wa juu wa ekseli wasogea mbele, na mlalo wapungua. Makadirio ya kazi yanayotumiwa na wajuzi wa magari haya ni digrii moja kwa kila inchi. Aliyekuwa na 3 akainua inchi 2 amebakiwa na 1 hivi. Ongeza hapo tairi kubwa na nzito, ambayo kila jiwe laisukuma kwa nguvu zaidi kuliko ile ya kiwandani, na utapata gari lile lile la barua: viungo vyaweza kuwa vizima vyote, vimekazwa vyote, na bado gari likatangatanga kama mashua iliyopoteza msukani.

Hasara hii hairekebishwi na spea yoyote ya usukani. Dawa yake ni kuirudisha ekseli katika mlalo wake, ama kwa bushi maalumu ambazo tundu lake halikuwekwa katikati, ama kwa mabano yanayoishusha ncha ya nyuma ya ile mikono, ama kwa mikono mingine iliyopindwa kwa kazi hiyo. Kwa magari ya zamani yenye springi za bamba mbele, ambayo bado yako mengi huku kwetu, hutiwa kabari ya chuma baina ya springi na ekseli. Muuzaji mwaminifu wa vifaa vya kuinulia husema habari hii kabla ya kupokea pesa. Wengine huuza koili na shokabzoba, wakanyamaza.

Jinsi ya kuhakikisha ni rahisi kuliko dada anavyodhani. Peleka gari mahali penye mashine ya alaimenti inayopima pembe zote, na uombe karatasi ya vipimo. Sisitiza karatasi. Katika ekseli nzima kitu kinachoweza kurekebishwa kwa spana peke yake ni jinsi magurudumu yanavyoelekeana kwa mbele, na ndicho ambacho vibanda vingi hurekebisha, wakasema kazi imekwisha. Kasta yapimwa tu. Hairekebishwi bila kubadilisha vifaa tulivyovitaja. Itafute kwenye karatasi, upande wa kushoto na wa kulia, kisha uilinganishe na kipimo cha kiwanda, ambacho mashine nyingi hukichapisha pembeni. Ikiwa imeanguka karibu na sifuri, nusu ya barua imejibiwa, na karatasi hiyo yaweza kupigwa picha ikatumwa Ghuba.

Nusu ya pili ni ule mtetemeko, na hapa ndipo pa kulala chini. Gari lililoinuliwa lina fadhila moja, nayo ni kwamba mtu wa kiasi huingia chini yake bila jeki. Litoeni uani, mahali pa wazi, si ndani ya banda lililofungwa, kwani injini itakuwa yawaka na moshi wake huua. Ardhi iwe sawa. Handibreki ivutwe, gia iwe huru, na mawe makubwa yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Upepo wa tairi upimwe kwanza na nati za magurudumu zijaribiwe, kwa maana ni aibu kufungua gari zima kumbe tairi moja ina upepo nusu, na aliyetoka mchangani akasahau kujaza huvuna kutangatanga kule kule. Kisha mtu mzima anayejua kuendesha akae kwenye usukani, awe binti mkubwa au shemeji, na mwingine atandike mkeka mchakavu aingie chini kutoka mbele. Dada na aingie mwenyewe akipenda. Hapana kazi ya nguvu hapo, ni ya macho. Mikono ikae mbali na feni na mikanda ya injini, na nguo pana na mtandio vifungwe.

Aliye juu autikise usukani kushoto na kulia, kidogo na kwa haraka, kama robo ya mzunguko, asiache. Aliye chini aufuate mwendo toka mwanzo wake. Usukani hushuka kwa shafti hadi kwenye sanduku la usukani, lile mafundi waliitalo stiaringi boksi, lililofungwa kwa bolti kwenye chesisi. Je, shafti yazunguka, na mkono uliotokeza chini ya sanduku wachelewa kuifuata? Basi uwazi umo ndani ya sanduku. Je, sanduku lenyewe lajongea juu ya chesisi? Hilo ni kubwa: ama bolti zimelegea, ama chesisi ina ufa. Futa tope, mulika tochi, utazame pembe za kila bolti. Mstari mwembamba wa kutu palipo na rangi nzima mara nyingi ni ufa unaojitangaza.

Kutoka kwenye ule mkono mwendo hupita kwenye fimbo iitwayo draglinki hadi kwenye gurudumu moja, na kutoka hapo tairodi hulichukua gurudumu la pili. Kila ncha ya fimbo hizi ina kiungo cha duara ndani ya kikombe. Weka kiganja juu ya kiungo, nusu ya vidole upande huu na nusu upande ule, na uhisi. Kiungo kizima hugeuka tu. Kilichokwisha hupiga kidogo kabla ya kuvuta, na mlio wake huufahamu mara ya kwanza tu.

Halafu fimbo ya Panhard, na hapa kaeni sana. Mwambie aliye juu aendelee kutikisa, na wewe utazame ncha zote mbili za fimbo, ya chesisi na ya ekseli. Ncha haifai kusogea ndani ya bano lake hata unene wa ukucha. Ikiwa chesisi yote yaonekana kwenda kushoto na kulia juu ya ekseli, na bolti yaruka ndani ya tundu lake, umempata mkorofi. Ndiye huyu aghalabu tunayemshuku mtetemeko ukizuka baada ya gari kuinuliwa, na sababu yake yafahamika. Anayefunga koili mpya hufungua bolti ya fimbo hii. Huirudisha gari likiwa limening'inia juu ya jeki, akaikaza hapo hapo. Bushi ya mpira ikikazwa ekseli ikiwa imening'inia, gari likishuka chini mpira wote husokoteka, na kila tuta laumaliza. Bolti za fimbo hii na za ile mikono mirefu zapaswa kukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na uzito wake, kwa spana yenye kipimo. Nasi wa pwani tuna ziada yetu, kwani hewa ya chumvi hula bolti, iliyolegea husaga tundu, na tundu lililokuwa duara likawa umbo la yai. Hapo hata bolti mpya ikazwe namna gani, itacheza tena baada ya juma. Bano lataka kuchomelewa upya na mtu ajuaye, tundu litobolewe kwa kipimo.

Kuna jambo jingine la fimbo hii ambalo si la kulegea, ila hutia shaka. Kwa kuwa urefu wake haubadiliki, gari likipanda huivuta ekseli kando kidogo, na usukani ukakaa upande hata gari likienda sawa. Na draglinki, ambayo katika magari haya yatakiwa iwe sambamba na fimbo ya Panhard, ikipanuka pembe kuliko mwenzake, kila tuta huuzungusha usukani wenyewe mkononi. Aliyefunga mkono mpya wa sanduku bila kuigusa fimbo ya Panhard, au kinyume chake, huleta balaa hili. Simameni mbele ya gari mtazame fimbo zote mbili kwa pamoja: ziende sambamba.

Yaliyobaki yataka jeki na fundi, na stendi za chuma chini ya ekseli, kwani jeki peke yake si tegemeo la mtu. Gurudumu la mbele likiwa hewani, lishikwe juu na chini, livutwe na kusukumwa. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki kwa nguvu, lijaribiwe tena. Uchezaji ukitoweka, beringi za gurudumu zimelegea. Ukibaki vile vile, ni beringi za kingipini, zile zilizo juu na chini ya kifundo ambacho gurudumu hugeukia. Jaribio hili la breki ladumu nusu dakika, na humwokoa mtu asinunue beringi asizozihitaji. Beringi za kingipini ndizo mshukiwa wa pili wa mtetemeko, hasa katika Jimny. Mwishowe magurudumu yasawazishwe kwa mashine, kwa kuwa tairi nzito isiyosawazishwa ndiyo cheche, na kiungo kilicholegea ndicho petroli.

Tumefika kwenye ile shokabzoba. Kazi yake halisi ni kupunguza makali ya mapigo yapandayo mkononi kutoka barabarani, na gari lililotoka kiwandani nayo lafaa kuwa nayo iliyo nzima. Lakini kuifunga nzito ili kuzima mtetemeko ni kufukiza udi chumba chenye panya aliyekufa. Kwa siku chache nyumba yanukia vizuri. Bolti ya Panhard yaendelea kula tundu lake kimya kimya, na siku shokabzoba itakaposhindwa mtetemeko utarudi ukiwa mkubwa zaidi, huenda juu ya daraja la Kilifi upepo ukivuma. Mtihani wa fundi ni huu: mwambie aiondoe kabisa ile ya sasa, kisha atafute ugonjwa. Gari hili zima latakiwa liende salama hata bila hiyo. Likishapona, mfungieni ya kawaida.

Vivyo hivyo ile skrubu ndogo iliyo juu ya sanduku la usukani, yenye nati ya kuifungia. Fundi mwenye haraka huikaza, na uwazi wapungua mbele ya macho yako, wafurahi, walipa. Ikikazwa kupita kipimo meno ya ndani hubanana pale katikati, usukani ukakataa kurudi baada ya kona, na sanduku likaliwa upesi. Ina utaratibu wake katika kitabu cha gari, magurudumu yakiwa yameelekea mbele, na ni ya kuguswa baada ya viungo vyote kuhakikishwa. Ikiwa imekwisha kuguswa katika gari la dada, huenda sehemu ya kutangatanga yatoka hapo pia. Amuulize fundi waziwazi.

Kuhusu namna ya kusema naye, sisi hatudhani kwamba kila fundi ni mdanganyifu. Wengi wamejifunza kwenye magari ambayo hayakuinuliwa, na kwenye hayo tairodi kwa kweli ndiyo mkosaji mara nyingi. Nenda na karatasi ya kasta mkononi. Mwambie: "Fundi, nitautikisa usukani mimi, wewe ingia chini, kisha tubadilishane unionyeshe." Asiyetaka kufanya hivyo usibishane naye, gereji ni nyingi. Na spea za zamani zidai, zitie kwenye mfuko, zirudi nyumbani. Kichwa cha tairodi kilichokwisha hujulikana hata na mtoto, kwani hulegea kama jino bovu, ilhali kizima huwa kigumu kukizungusha kwa vidole.

Mpaka hapo patakapojulikana, gari lisiende safari ndefu. Likizo imekaribia na twajua kuna walioahidiwa Lamu. Waende kwa basi. Ikilazimu kuliendesha mjini, mwendo usizidi kilomita 50, na mtetemeko ukizuka usikanyage breki kwa kishindo wala usipigane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika imara kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa nje ya mihimili ya usukani, uache mwendo ufe wenyewe, ndipo ujivute kando. Likishasimama shuka utazame: mara nyingine bolti ndiyo hiyo yatoka.

Dada aliuliza pia, mwisho kabisa wa barua, kama inafaa kulirudisha gari chini lilivyokuwa. Ni baina yake na mumewe. Rai yetu, kwa kuwa ametuuliza, ni kwamba kwa nyumba inayokwenda shamba mara moja kwa mwezi na siku nyingine zote ikawa lami na vumbi jepesi, inchi 2 zile zaleta kazi nyingi kuliko faida. Kimo cha kiwandani cha Land Cruiser chafika Marafa, na matairi ya kipimo chake yenye meno mazuri hushinda tope kuliko kimo. Koili za zamani, ikiwa aliyezifungua bado anazo nyuma ya gereji yake, muziombe kabla hajaziuza chuma chakavu.